FM isiyo ya redio: sauti iliyotoka kwenye kompyuta na kurudi kwenye kompyuta

Ukitaja FM mbele ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, mawazo yake yatakwenda kwenye redio: namba ya kituo, dereva anayezungusha kitufe, mtangazaji wa asubuhi. Wapiga vinanda vya umeme nao wana FM yao. Herufi ni zile zile, na hesabu iliyo nyuma yake ni ile ile. Ya redio huubeba muziki hewani, hii nyingine huuzaa. Ndiyo iliyotupa Yamaha DX7, kinanda kilichotawala miaka ya 1980, na leo inakaa ndani ya programu ya bure kwenye kompyuta yoyote ya mkononi. Vijana wengi wanaoitumia programu hiyo huamini kwamba wameshika nakala ya kinanda cha zamani. Historia inasema vingine: kinanda ndicho kilichonakili programu.

Turudi mwaka 1957, Murray Hill, New Jersey, Marekani, kwenye maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu. Mhandisi Max Mathews alikuwa akishughulika na namna ya kugeuza sauti ya simu kuwa tarakimu, ndipo akaona kwamba njia hiyo hiyo ingeweza kupiga muziki. Akaandika programu na kuipa jina lisilo na makeke: MUSIC. Kompyuta ya kuiendesha, IBM 704, ilikuwa New York. Hesabu zilifanyiwa huko, zikaandikwa kwenye tepu ya sumaku, na tepu ikarudishwa Murray Hill kwenye mashine iliyoweza kuzigeuza tarakimu kuwa sauti. Kipande cha kwanza, The Silver Scale, kilichotungwa na Newman Guttman, kilichukua sekunde 17. Noti moja baada ya nyingine, rangi ya sauti moja tu mwanzo hadi mwisho.

Sekunde hizo 17 si za kuvutia masikioni, lakini ndani yake mlikuwa na jambo zito. Kama spika inaweza kuitoa sauti, basi sauti hiyo inaweza kuandikwa kwa namba, na kama inaweza kuandikwa, mtu anaweza kuitunga bila kugusa waya, ngozi wala shaba. Mathews aliendelea kuiboresha programu yake, na mwaka 1960 toleo lililoitwa MUSIC III likaleta utaratibu ambao mpaka leo ndio msingi wa sinthesaiza nyingi za kompyuta: vipande vidogo vya programu, kila kimoja na kazi yake, mtunzi akiviunganisha apendavyo kama fundi anayeunga mabomba. Mwaka 1963 akaeleza kazi hiyo kwenye jarida la Science.

Makala hayo yalimfikia John Chowning, na hapo ndipo kisa chetu kinaponoga. Chowning hakuwa mhandisi. Alikuwa mpiga ngoma na mtunzi, aliyewahi kusoma Paris kwa mwalimu mashuhuri Nadia Boulanger, na sasa alikuwa mwanafunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mwenzake katika okestra ndiye aliyempa makala ya Mathews. Mwaka 1964 akafunga safari hadi maabara za Bell, akarudi na sanduku la kadi zilizotobolewa matundu, ambazo ndizo zilizokuwa programu yenyewe, asijue hata pa kuanzia. Aliyemwongoza ni mwanafunzi mdogo wake, David Poole, mpiga tuba aliyekuwa fundi wa kompyuta. Mpiga ngoma na mpiga tuba wakaingia kwenye maabara ya akili mnemba ya chuo hicho, wakaanza kuifundisha mashine ya wanasayansi kuimba.

Mwaka 1967 Chowning alikuwa akichezea kitu ambacho kila msikilizaji wa taarab anakijua. Mwimbaji akishikilia noti ndefu, sauti yake hutetemeka kidogo, ikipanda na kushuka mara tano au sita kwa sekunde. Kwenye kompyuta mtetemo huo hutengenezwa kwa mawimbi mawili: moja ndilo linalosikika, na la pili, la polepole, linalitikisa la kwanza juu na chini. Chowning akaongeza kasi ya lile la pili. Mara kumi kwa sekunde, ishirini, hamsini. Akaongeza na nguvu yake. Mtu angetarajia kusikia king'ora kikilia kwa fujo. Badala yake, kasi ilipovuka kiwango fulani, sikio liliacha kabisa kusikia mtikisiko. Likasikia noti iliyotulia yenye rangi mpya, nzito, kama ya ala isiyo na jina.

Wahandisi wa redio walikuwa na hesabu ya jambo hilo tangu enzi za Edwin Armstrong, baba wa redio ya FM. Lakini wao walilitikisa wimbi lenye masafa ya juu mno, ambayo sikio haliwezi kuyasikia kamwe. Chowning aliyashusha mawimbi yote mawili hadi mahali ambapo binadamu anasikia. Faida yake ilikuwa kubwa. Kwa njia ya kawaida, kujenga sauti nene ya tarumbeta kulihitaji mawimbi mengi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kompyuta za siku zile zilitumia muda mrefu kuhesabu sekunde chache za muziki. Sasa mawimbi mawili yalitosha. Mwaka 1971 akapiga hatua nyingine. Alikumbuka utafiti wa Mfaransa Jean-Claude Risset, ulioonyesha kwamba tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu zaidi haipandi sauti tu, bali inang'aa pia. Chowning akafanya nguvu ya mtikiso ipande na kushuka pamoja na ukubwa wa sauti, na mara shaba ikasikika mahali ambapo hapakuwa na shaba.

Alichapisha ugunduzi wake mwaka 1973. Stanford ilikwisha kuupeleka kwa viwanda vya vinanda vya Marekani, Hammond kikiwa kimojawapo, navyo havikuuona umuhimu wake. Yamaha ya Japani ikamtuma mhandisi wake kijana, Kazukiyo Ishimura, naye alielewa katika dakika chache alichokuwa anaonyeshwa. Wakati huo huo chuo kilikuwa kimemnyima Chowning ajira ya kudumu. Baadaye kilimrudisha, na hataza iliyotolewa mwaka 1977 ikakiingizia zaidi ya dola milioni 20. Naona si haki kulipita jambo hilo kimya kimya: mtu aliyeachwa aende zake ndiye aliyekuja kuwa chanzo cha mojawapo ya hataza zilizoingizia chuo hicho fedha nyingi zaidi.

Mwaka huo huo wa 1977, Paris, ulisikika wimbo wake Stria. Unadumu kama dakika 17, na wote umetoka kwenye programu moja inayotumia njia moja tu, FM. Mawimbi yake yanahusiana kwa uwiano wa 1.618, namba ambayo wachoraji na wasanifu majengo wameipenda kwa karne nyingi, na ngazi yake ya noti nayo imejengwa juu ya namba hiyo hiyo. Hakuna ala ya pili, hakuna sauti iliyoazimwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi inayoonyesha kuliko nyingine yoyote kile ambacho mtu mmoja anaweza kukitoa ndani ya chombo kimoja akikijua mpaka kiini chake.

Yamaha ilichukua miaka kadhaa kuifinyanga programu hiyo iingie kwenye chipu. Mwaka 1983 ikatoka DX7: vibonye 61, noti 16 kwa mpigo, mawimbi sita kwa kila noti, yanayoitwa opereta, na mipangilio 32 ya kuamua nani amtikise nani. Bei yake Marekani ilikuwa dola 1,995. Vidole vikigonga kwa nguvu, sauti ilibadilika tabia, jambo ambalo vinanda vingi vya wakati huo havikuliweza. Vikauzwa zaidi ya 100,000. Sauti yake ya piano ya umeme, ile ya kioo yenye mlio mdogo wa chuma kila noti inapogongwa, ikaenea kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ile duniani kote.

Tatizo likawa kuitunga sauti. Kila sauti ilikuwa na vipimo zaidi ya 140, na dirisha la kuvitazama lilikuwa na mistari miwili ya maandishi, ukibadilisha kipimo kimoja kimoja kwa kitelezi kimoja. Ilikuwa kama kupaka rangi ukuta wa nyumba huku ukichungulia kwenye tundu la ufunguo. Wengi walikata tamaa, wakabaki na sauti 32 zilizopangwa tayari. Wachache walikaa nacho mpaka kikawatii, na Brian Eno wa Uingereza anatajwa kila mara miongoni mwao. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule zinafanana sauti: watu walikuwa wamenunua kisima, wakanywa kikombe kimoja.

Miaka ya 1990 kompyuta za nyumbani zikapata nguvu, na hataza ya Stanford ikafikia mwisho wake. Mwaka 1999 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikafungua mlango wa sinthesaiza za programu kukaa ndani ya programu ya kurekodia, zikipigwa papo hapo bila kusubiri tepu. Native Instruments ya Berlin ikatoa FM7, iliyoweza kusoma sauti za DX7, kisha FM8 mwaka 2006. Baadaye ikaja Dexed, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Nayo FL Studio ya Ubelgiji, programu ambayo maprodyuza wengi wa bongo fleva na singeli wamekulia humo, ina sinthesaiza yake iitwayo Sytrus, nayo ina opereta sita. Kwa hiyo prodyuza wa Mburahati au Manzese anayefungua Sytrus kutafuta besi ameshika mwisho wa uzi ulioanzia Stanford mwaka 1967.

Nikiandika haya nimeifungua Dexed. Nimechagua sauti ya kuanzia, INIT VOICE, ambayo opereta wake mmoja tu ndiye anayelia: mlio mtupu, laini, kama filimbi isiyo na pumzi. Napandisha nguvu ya opereta wa pili taratibu. Kufika 60 mlio unaanza kunenepa, kwenye 80 unang'aa kama shaba. Nikimpa opereta huyo uwiano wa 2, noti inakuwa na uwazi ndani yake, kama klarineti. Nikiuweka kwenye 1.40, noti inavunjika na kuwa kengele. Uwiano huo ndio Chowning alioutumia kwa kengele katika makala yake ya 1973, wimbi la Hz 200 likitikiswa na wimbi la Hz 280, sauti ikififia polepole kwa sekunde 15. Nikiurusha hadi 14 na kumfanya opereta wa pili azime haraka, nasikia ule mlio wa chuma wa piano ya umeme. Opereta wanne bado wamelala, sijawagusa.

Siku hizi mtu hukusanya sinthesaiza mia moja kwenye kompyuta yake na bado hulalamika kwamba biti zake zinafanana na za jirani. Nadhani shida iko hapo hapo kwenye mia moja. Kila anapokwama anafungua nyingine, anapita kwenye sauti zilizopangwa na watu wa mbali, anachagua inayokaribia na kusonga mbele. Sikio lake halipati nafasi ya kujifunza kwa nini sauti moja ni kengele na nyingine ni shaba. Chowning hakuwa na cha kuchagua. Alikuwa na sanduku moja la kadi, na miaka mitatu ya kulielewa kabla ya ugunduzi ule wa mtetemo.

Kwa hiyo ombi langu kwa prodyuza anayesoma haya ni dogo. Chukua programu moja, Dexed au Sytrus ikiwa ndiyo unayo, na kwa mwezi mmoja usifungue nyingine. Usiguse sauti zilizopangwa. Anza na opereta mmoja, umwongeze wa pili, usikilize. Tengeneza besi, tengeneza kengele, tengeneza ngoma, zote humo humo. Ukipata sauti usiyowahi kuisikia kwa mtu mwingine, ihifadhi na umtumie mwenzako aijaribu. Haitamlia bando. Kinachohifadhiwa si rekodi, ni vipimo tu, na sauti nzima ya DX7 ina baiti 128. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba 140.