Rekodi kila kipindi kwa kutumia kiolezo kimoja

Je, unaandaa vipindi vya sauti kwa ajili ya jamii yako hapa Kigali? Huna haja ya kupanga kila kitu upya. Programu ya Audacity ni ya bure, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 huhifadhi kazi yote katika faili moja ambayo ni rahisi kunakili.

1. Fungua mradi mpya. Weka muziki wa kufungulia na traki mbili tupu: ya mtangazaji na ya mgeni.
2. Uhifadhi kwa jina KIOLEZO, kisha uufunge.
3. Kwa kila kipindi, nakili faili hiyo, ipe nakala jina jipya lenye tarehe, ndipo uifungue na kurekodi.

Muhimu: usitengeneze kiolezo kutokana na kipindi cha zamani. Tangu toleo la 3.1, ukipunguza ncha za sauti, sehemu iliyopunguzwa hubaki imefichwa na inaweza kurudishwa. Aliyekusimulia kwa nini alikimbia kwao amekuamini wewe, si kila atakayefungua faili hiyo. Unapowatumia wengine kipindi, tuma MP3, si faili ya mradi.