Mtoto wa Nyuma ya Darasa

Ewe msomaji, huenda ukadhani kwamba haki ikiisha kuandikwa katika sheria, kazi imekwisha. Tazama basi mambo ya nchi ya Ireland.

Mwaka 1831 serikali ilianzisha huko shule za taifa, ili watoto wa madhehebu mbalimbali wasome pamoja na kufundishwa dini kando kando. Lakini kabla karne ile haijaisha, nyingi zilikuwa mikononi mwa kanisa moja moja, hasa Kanisa Katoliki. Katiba ya 1937 ilimruhusu kila mtoto kutohudhuria mafundisho ya dini katika shule ipatayo fedha za serikali. Je, mzazi asiye na dini alifaidika nini? Wenzake walipotayarishwa kwa Komunyo ya Kwanza, mwanawe mara nyingi aliketi nyuma ya darasa lile lile, akisikia yote. Tena, shule zilipojaa, waliobatizwa waliweza kutangulizwa. Hivyo wazazi wengine waliwabatiza watoto wao ili kupata nafasi tu.

Wengine walishika njia ndefu. Mwaka 1978 wazazi wa Dalkey, karibu na Dublin, walifungua shule ya watoto wa imani zote na wasio na imani. Mwaka 2018 sheria ilizikataza shule za msingi za Kikatoliki kuchagua watoto kwa ubatizo.

Sheria yaweza kumfungulia mtoto mlango. Lakini saa ya dini ifikapo, ni walimu na wazazi waamuao kama ataketi bure au atapewa somo lake.