Mlango wa Printa: Historia ya Kompyuta Kuukuu katika Mashine za CNC za Nyumbani

Mashine ya CNC ni mashine ya kukata, kutoboa au kuchonga ambayo kisu chake husogezwa kwa namba zinazotoka kwenye kompyuta badala ya mkono wa fundi. Kwa takriban miaka ishirini, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, watu wa Marekani, Kanada na Ulaya waliojiundia mashine hizi katika gereji zao waliziongoza hasa kwa kompyuta kuukuu za mezani. Unafuu wa bei ulichangia, lakini haukuwa sababu pekee. Kompyuta iliyostaafishwa ofisini ilikuwa na sifa mbili ambazo kompyuta mpya zilikuwa zikizipoteza: mlango wa printa wenye pini 25, na uwezo wa kutimiza kazi ndogo kwa wakati uliopangwa bila kuchelewa. Historia ya kuchagua kompyuta ya aina hii inaonyesha jinsi sifa hizo zilivyopatikana, zilivyofifia, na hatimaye zilivyohamishiwa kwenye vifaa vingine.

Chanzo: namba juu ya utepe

Wazo la kuongoza mashine kwa namba lilikua kutokana na utengenezaji wa mapanga ya helikopta. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons, mwenye kiwanda huko Traverse City, Michigan, pamoja na mhandisi wake Frank Stulen, walitumia mashine za kadi zenye matundu kukokotoa pointi za umbo la panga, kisha fundi akaipeleka mashine ya kukatia pointi baada ya pointi. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani liligharimia uundaji wa mashine ambayo ingefanya kazi hiyo yenyewe, na utafiti ukahamia chuo cha MIT. Septemba 1952 chuo hicho kilionyesha hadharani mashine ya Cincinnati Hydrotel iliyosoma amri zake kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Kifaa cha kuiongoza kilijaa valvu za utupu na relei, kikachukua makabati mazima.

Kutoka hapo viwanda vilipata lugha ya pamoja ya kuandikia amri hizo, iliyowekewa kiwango cha RS-274 na kujulikana karakanani kwa jina la G-code. Ndani yake G0 ni kusogea haraka bila kukata, G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka, na G2 na G3 ni kukata kwa tao. Lugha hii ilikuwa wazi na rahisi kusomeka, lakini vifaa vya kuitekeleza viliuzwa kwa bei ya viwanda. Mtu binafsi hakuweza kuvipata mpaka kompyuta zenyewe ziliposhuka bei.

Mlango uliotengenezwa kwa kazi nyingine

Mwaka 1970 kampuni ya Centronics ya Marekani ilitoa printa yake ya Model 101, iliyopokea herufi kwa kutumia waya kadhaa kwa pamoja, kila waya ukibeba biti yake. Mpango huo wa waya ulienea, na IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981 iliuchukua na kuuweka kwenye soketi ya pini 25. Pini ya 2 hadi ya 9 zilibeba data, pini nne nyingine zilipeleka amri kwa printa, na pini tano zilirudisha taarifa, kwa mfano kwamba karatasi imekwisha. Pini 18 hadi 25 zilikuwa za ardhi.

Kwa mtu wa mashine, soketi hiyo ilikuwa swichi kumi na mbili za kutoa umeme wa volti 5 na tano za kupokea. Programu iliyotaka kuwasha pini za data iliandika namba moja tu katika anwani 888 ya kompyuta, na hata lugha ya BASIC ilikuwa na amri ya kufanya hivyo. Hapakuhitajika kadi ya ziada wala kibali cha mtengenezaji.

Mlango huo ulifaa sana mota za stepa. Mota ya aina hii haizunguki mfululizo. Kila ikipokea mpigo mmoja wa umeme husogea hatua moja, na kwa kawaida huhitaji hatua 200 kumaliza mzunguko. Kiendeshi cha mota kinahitaji waya mbili tu, mmoja wa mpigo na mmoja wa mwelekeo. Mashine ya mihimili mitatu hutumia pini sita, zikabaki za kuwasha mota ya kisu na pampu ya maji ya kupoozea. Pini tano za kupokea zilitosha kwa swichi za kuzuia mashine isivuke mwisho wa reli zake na kitufe cha dharura.

Ugumu ulikuwa katika muda. Kama kiendeshi kinagawa kila hatua mara kumi, mota huhitaji mipigo 2,000 kwa mzunguko. Parafujo inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko itataka mipigo 400 kwa milimita moja. Meza ikienda milimita 50 kwa sekunde, kompyuta inapaswa kutoa mipigo 20,000 kila sekunde, yaani mmoja kila mikrosekunde 50. Mpigo ukichelewa, mota husita kisha hurukishwa ghafla, na inaweza kupoteza hatua. Mfumo huu hauna kifaa cha kuiambia kompyuta kwamba hatua zimepotea. Kompyuta huendelea kuamini kwamba kisu kipo kinapotakiwa, huku kazi ya saa nzima ikiharibika.

Enzi ya DOS

Programu za kwanza za nyumbani zilikaa juu ya mfumo endeshi wa DOS, na miongoni mwa zilizotumika sana ni TurboCNC. DOS iliendesha programu moja kwa wakati mmoja na kuiachia kompyuta yote. Programu iliweza kuzima hata ukatizaji wa kibodi wakati wa kukata, ikahesabu mipigo bila kuingiliwa. Ndiyo maana kompyuta za 486 na Pentium za kwanza zilifanya kazi nzuri kuliko umri wao ulivyoonyesha.

Windows 95 ilibadilisha hali hiyo. Mfumo ulioendesha programu nyingi kwa zamu ulimfaa karani, lakini programu ya kuongoza mota iliweza kunyang'anywa zamu yake wakati wowote. Windows NT na zilizoifuata zilizuia pia programu za kawaida kugusa anwani za milango moja kwa moja. Kwa muda fulani, kuchagua kompyuta kulimaanisha kuchagua iliyokubali kubaki kwenye DOS.

Mchango wa serikali na wa programu huria

Suluhisho moja lilitoka katika taasisi ya umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilianza mradi ulioitwa Enhanced Machine Controller, au EMC, kuthibitisha kwamba mashine za viwandani zinaweza kuongozwa na kompyuta ya kawaida yenye programu zilizo wazi. Katikati ya muongo huo EMC ilijaribiwa katika kiwanda cha General Motors Powertrain huko Pontiac, Michigan. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali kuu ya Marekani, msimbo wake haukuwa na hakimiliki nchini humo. Wapenzi wa mashine wakauchukua na kuuendeleza. Baadaye programu ilibadilishwa jina kuwa LinuxCNC, kwa sababu jina EMC lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine.

Programu hii ilitegemea Linux iliyorekebishwa ili kazi za haraka zipewe nafasi kabla ya nyingine zote. Marekebisho ya RTLinux yalianzia New Mexico, na ya RTAI yalitoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Milano. Kwa njia hiyo kompyuta moja iliweza kuonyesha picha, kusoma faili na bado kutoa mipigo kwa wakati.

LinuxCNC ilileta pia kipimo. Jaribio lake la muda huonyesha kompyuta inachelewa kwa kiasi gani pale inapochelewa kuliko nyakati zote. Mtu huliendesha kwa dakika kadhaa au zaidi, huku akifungua madirisha, akinakili faili na kuipa mashine kazi nyingi. Kompyuta isiyozidi mikrosekunde 15 hadi 20 ilihesabiwa kuwa nzuri sana. Iliyofika 30 hadi 50 ilifaa, ila mwendo wa mashine ulipungua. Iliyofika 100 au zaidi haikufaa kutoa mipigo yenyewe.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Pentium II iliyoitika kila mara ndani ya mikrosekunde 10 ilifaa kuliko Pentium 4 yenye kasi kubwa lakini yenye kuchelewa mara mojamoja. Chanzo cha ucheleweshaji mara nyingi kilikuwa kwenye bodi mama. Baadhi ya bodi husimamisha prosesa kimyakimya kwa ajili ya kazi zao za ndani, kama kukagua joto au kuifanya kibodi ya USB ionekane ya kizamani, bila kuujulisha mfumo endeshi. Kusimama huko kuliweza kutokea mara moja kwa dakika, na mara hiyo moja ilitosha kuharibu kazi. Sababu nyingine ilikuwa kadi ya picha iliyojengwa ndani ya bodi na kutumia kumbukumbu ya prosesa. Kuweka kadi ya pembeni kuliweza kuondoa tatizo. Kuzima teknolojia za kuokoa umeme katika mipangilio ya awali ya kompyuta kulisaidia pia.

Kwa watumiaji wa Windows, Art Fenerty wa Kanada aliandika Mach3, programu iliyoingiza dereva yake ndani kabisa ya Windows ili itoe mipigo 25,000 kwa sekunde au zaidi. Dereva hiyo ya mlango wa printa ilifanya kazi kwenye Windows za biti 32 tu. Kwa sababu hiyo kompyuta za Windows XP ziliendelea kutafutwa na mafundi miaka mingi baada ya ofisi kuziacha.

Vigezo vya uchaguzi

Kutokana na uzoefu huo, kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 vigezo vya kuchagua vilikuwa vimetulia. Kompyuta ya mezani ilipendelewa kuliko ya mpakato, kwa kuwa mpakato hubadilisha kasi ya prosesa ili kuokoa betri, na mlango wake wa printa huweza kutoa volti 3.3 badala ya 5. Adapta ya kugeuza USB kuwa mlango wa printa ilikataliwa, kwa sababu USB hupeleka data kwa vifurushi na adapta hizo huelewa lugha ya printa tu. Kadi ya mlango iliyochomekwa kwenye nafasi ya PCI ilikubalika. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikaguliwa kapasita, kwani nyingi za kipindi hicho zilivimba na kuvuja. Kati ya mlango na viendeshi iliwekwa bodi ya kutenganisha umeme kwa mwanga, ili hitilafu ya mota isiiunguze kompyuta.

Bodi ndogo ya Intel D510MO, yenye prosesa ya Atom, ilipendwa sana kuanzia 2010: ilikuwa na bei ndogo, mlango wa printa na ucheleweshaji mdogo. Wakati huo, hata hivyo, printa zilikuwa zimehamia USB na mtandao, na watengenezaji wakaacha kuweka mlango wa zamani.

Mipigo inahama

Badiliko la mwisho lilikuwa kuitoa kazi ya mipigo ndani ya kompyuta. Mwaka 2009 Simen Svale Skogseth wa Norway alitoa Grbl, programu huria inayosoma G-code ndani ya kibao cha Arduino. Prosesa yake ya megahezi 16, isiyo na kazi nyingine, hutoa hadi mipigo 30,000 kwa sekunde kwa mpangilio thabiti. Kompyuta hutuma mistari ya G-code tu kupitia USB, na kuchelewa kidogo hakudhuru kitu kwa sababu kibao huweka akiba ya mistari inayofuata. Kwa upande wa LinuxCNC, kadi za kampuni ya Mesa hutengeneza mipigo kwenye chipu inayoweza kupangwa upya, na kompyuta huzipa maelekezo mara 1,000 kwa sekunde badala ya makumi ya maelfu. Mwaka 2024 marekebisho ya Linux ya kazi za wakati halisi, PREEMPT_RT, yaliingizwa rasmi katika kiini cha mfumo huo, baada ya kuishi nje yake kwa karibu miaka ishirini.

Kompyuta kuukuu haikuondoka karakanani, ila kazi yake imepungua. Husoma faili, huonyesha njia ya kisu na kupokea amri za fundi, na karibu kompyuta yoyote inayowaka inaweza kufanya hayo. Jaribio la muda na mlango wa pini 25 vimebaki kigezo kwa mashine zilizojengwa kabla ya mabadiliko haya, ambazo nyingi bado zinakata.