Zawadi kwa wahudumu wa ndege: tutoe au tuache?

Mamangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 71. Tulikuwa tunatoka Mombasa kwenda Nairobi, na kutoka hapo tuunganishe ndege ya Jeddah kwa safari ya Umra. Goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua, na hofu aliyokuwa nayo hakutaka sisi wanawe tuijue. Binti mmoja mhudumu wa ndege aliijua kabla yetu. Alimwamkia kwa shikamoo, akamfunga mkanda, akamweleza kwamba mlio atakaousikia chini ya miguu yake ni magurudumu yanayoingizwa ndani, asishtuke. Ndege ilipoyumba, mama alikishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mara tu hali ilipotulia, yule binti alikuja kumuuliza, "Mama, u salama?"

Tulipotua Nairobi, mama alifungua pindo la leso yake akatoa noti ya shilingi 1,000. "Chukua mwanangu, ukanywe soda." Yule binti akaufumba mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante sana, mama. Niombee dua tu, yatosha. Pesa haturuhusiwi kupokea."

Mama hakusema neno mpaka tulipoketi kungoja ndege ya pili. Kisha akaniuliza, "Kwani pesa yangu ina kasoro gani?" Kwake yeye, mtu aliyekutendea wema haondoki mikono mitupu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyotulea sisi.

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, kwa kuuliza, kusoma na kuangalia wasafiri wengine wanavyofanya. Na kwa kuwa watu wetu wengi siku hizi wanapanda ndege, wengine kwenda Umra na Hija, wengine kazini Ghuba, wengine matibabu India, nimeona niandike hapa nilichokipata.

Jibu kwa ufupi ni hili: hulazimiki kutoa chochote. Ukipenda kutoa, toa kitu kidogo kilichofungwa kiwandani, kiwe cha wahudumu wote, na usitarajie kurudishiwa lolote. Usitoe pesa. Na zawadi yenye faida kubwa zaidi kwao haiuzwi dukani.

Kazi yao hasa ni ipi?

Wengi wetu tunamwona mhudumu wa ndege kama mtu wa kuleta chai na soda. Ni kweli kazi hiyo imo tangu mwanzo. Mtu anayetajwa kuwa mhudumu wa kwanza wa angani ni Mjerumani Heinrich Kubis, aliyeanza mwaka 1912 katika vyombo vya Zeppelin. Mwaka 1930 kampuni ya Boeing Air Transport ya Marekani ikamwajiri Ellen Church, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo. Alikuwa muuguzi, na wanawake walioajiriwa pamoja naye walikuwa wauguzi pia. Kazi yao ilikuwa kuwatuliza na kuwatunza watu waliokuwa wakiogopa kuruka, kama alivyokuwa mamangu.

Lakini sheria haimweki mhudumu ndani ya ndege kwa sababu ya chai. Inamweka kwa sababu ya usalama. Marekani, kwa mfano, inataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, hata kama hakuna abiria atakayepewa tone la maji. Ndege kubwa mpya haipewi kibali mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutolewa kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Wanaofungua milango hiyo na kuwatoa watu ni hawa hawa tunaowaona wakisukuma toroli.

Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Katika ile ndege ndogo walikufa watu watano kati ya sita. Katika ndege kubwa walikuwamo watu 379, na wote walitoka hai kabla haijateketea. Wahudumu walikagua ni milango ipi iliyo salama, wakazuia watu wasichukue mizigo, wakawatoa.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha jinsi ya kumshukuru mtu. Huyu si mtumishi wa mezani. Ni mtu ambaye siku ya shida utatakiwa kumtii bila kubishana. Zawadi inayomfanya aonekane ananunuliwa inamvunjia heshima hiyo.

(Wale wa Lamu mtanikosoa: ndege nyingine ndogo zinazotua Manda hazina mhudumu, kuna marubani tu. Ni kweli. Kwa kawaida ndege ya viti 19 au pungufu hailazimiki kuwa na mhudumu.)

Zawadi, bakshishi na "kitu kidogo"

Hapa ndipo penye utata wetu, kwa sababu lugha yetu yenyewe imeshachafuliwa. Chai ni kinywaji, na chai ni hongo. Kitu kidogo ni zawadi ya heshima, na kitu kidogo ni kile anachotakiwa dereva wa matatu kizuizini. Kwa hiyo tuyatenganishe mambo matatu.

Bakshishi ni pesa unayompa mtu baada ya huduma, kama mpagazi au mhudumu wa hoteli. Hongo ni kile unachotoa ili upate usichostahiki, au upate haraka kile ambacho mwenzako anakingojea. Zawadi ni kitu unachotoa bila kudai chochote, kabla wala baada.

Mashirika mengi ya ndege hayataki wahudumu wao wapokee bakshishi. Frontier ya Marekani ni tofauti. Kule abiria anaponunua kinywaji au vitafunio kwa kadi, mashine humuuliza kama anataka kuongeza kitu kwa mhudumu, na tangu mwaka 2019 kila mhudumu hubaki na alichopewa. Chama cha wahudumu chenyewe kilipinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa kwamba mshahara wa mfanyakazi unapaswa kutoka kwa mwajiri, si kwenye mfuko wa abiria.

Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu malipo ya kazi hii yana mambo yake. Katika mashirika mengi ya Amerika Kaskazini, saa ya mshahara huanza kuhesabiwa baada ya milango ya ndege kufungwa. Wakati wa kuwapokea abiria, kuwatafutia nafasi ya mabegi na kumsaidia mzee kufika kitini, kwa miaka mingi haukulipwa. Delta ilianza kuulipia mwaka 2022, kwa nusu ya kiwango cha kawaida. Mwezi Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa kazi hiyo ya ardhini isiyo na malipo. Chokoleti zetu haziwezi kuziba pengo kama hilo, wala zisiwe kisingizio cha kuliacha wazi.

Kuna na jambo jingine linalonigusa zaidi. Katika ndege hizo hizo za Ghuba huwa mna mabinti zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Wengine hawajawahi kupanda ndege, hawajui choo kinafunguliwaje, wanaona haya kuuliza, na mfukoni hawana hata shilingi ya kununulia maji. Siku zawadi itakapokuwa ada, kila mtu akatarajiwa kutoa, binti huyo ndiye atakayeachwa nyuma. Ndiyo maana nasema isiwe lazima, na asiyetoa asione aibu.

Ukiamua kutoa, toa nini?

Wasafiri wanaotoa zawadi, hasa katika safari ndefu na siku za sikukuu, huwa na vitu vidogo: chokoleti, peremende, kalamu, mafuta ya midomo, krimu ya mikono. Hivi viwili vya mwisho vina maana yake, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Kalamu nazo hupotea kila safari, maana abiria huziazima wakati wa kujaza fomu na kuondoka nazo.

Kwetu sisi, tende zilizofungwa kwenye boksi zinafaa. Kashata, visheti na halua ni fahari yetu, lakini vya kutengenezwa nyumbani viache nyumbani. Naijua mikono ya mama zetu ni safi kuliko viwanda vingi. Lakini mhudumu hakujui wewe wala mama yako, na watu wa ndege wana tahadhari kubwa ya chakula. Katika mashirika mengi hata marubani wawili hula vyakula tofauti, ili kimoja kikiwa kibaya asiugue zaidi ya mmoja. Kwa hiyo chagua kilichofungwa, chenye maelezo ya vilivyomo na tarehe ya kuisha. Korosho na njugu ziepuke, kwa sababu kuna watu wenye mzio mkali nazo. Pombe usitoe kabisa, wala kitu cha thamani kubwa. Manukato makali nayo yaache, hata yakiwa udi wa kwetu.

Namna ya kutoa nayo ina adabu yake. Mpe mhudumu anayekupokea mlangoni, au umngoje msimamizi wao wakati hawana shughuli. Usimsimamishe mtu anayesukuma toroli. Sema wazi, "Hii ni ya nyinyi wote, ahsanteni kwa kazi," kisha nenda ukakae. Akikataa, usimshurutishe. Anaweza kuwa anaipenda zawadi yako na kazi yake pia.

Ukitoa boksi la chokoleti kisha ukaomba kuhamishiwa kiti cha mbele, umeshaiharibu zawadi yako. Ukihitaji kitu, kiombe kwa haki yako ya abiria, bila boksi.

Mzigo si zawadi

Tabia moja ya kwetu lazima niitaje. Mtu anamwona mhudumu anazungumza Kiswahili, anamfurahia, kisha anamwambia, "Mwanangu, ukifika Dubai kuna ndugu yangu atakuja kuchukua hiki kibahasha." Tafadhali tusifanye hivyo. Kila msafiri anaonywa asibebe mzigo wa mtu asiyemjua, na mhudumu hali kadhalika. Hata kama ndani mna dawa ya mafua tu, akikutwa na kitu asichoweza kukieleza, kazi yake imekwisha na pengine uhuru wake pia.

Walioko ardhini

Tusiwachanganye wahudumu wa ndege na watu wengine wa uwanjani. Mpagazi na dereva wa teksi, bakshishi ni hiari yako. Anayesukuma kiti cha magurudumu anafanya kazi ambayo shirika la ndege halikutozi ukiiomba mapema, na ni vizuri kuiomba angalau siku mbili kabla. Ukitaka kumpa kitu kwa moyo wako ni sawa, lakini hana haki ya kukudai.

Afisa wa uhamiaji, wa forodha na askari ni jambo jingine kabisa. Hao ni watumishi wa umma. Tuna Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016, nayo inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Noti iliyofichwa ndani ya pasipoti haiitwi ukarimu.

Zawadi wasiyoikataa

Zawadi isiyokataliwa ni barua. Mashirika ya ndege hupokea malalamiko kila siku, na sifa ni chache. Mashirika mengi huyaweka maneno ya sifa katika faili la mfanyakazi, na faili hilo hutazamwa wakati wa kupandishwa cheo. Barua haihitaji ufundi. Andika tarehe, namba ya ndege, ilikotoka na ilikokwenda, jina la mhudumu kama lilivyo kwenye kibandiko cha kifuani, na jambo alilokufanyia. Mistari mitano inatosha. Itume kupitia tovuti ya shirika, au kwa barua pepe ya huduma kwa wateja.

Tuliporudi kutoka Makka nilimweleza mama haya yote. Kumbe jina la yule binti alikuwa nalo. Alimuuliza wakati wa kushuka ili amwombee dua, na amemwombea kwa jina lake mbele ya Kaaba. Basi akanikalisha mezani, yeye akasema, mimi nikaandika. Alitaka niandike kwamba alikuwa anaogopa, jambo ambalo sisi hatujawahi kumsikia akilikiri. Akataka pia niandike kwamba noti ilikataliwa kwa adabu, ili wakubwa wake wajue kuwa ni mwaminifu.

Baada ya majuma mawili shirika lilijibu: barua imefika, na mhusika atasomewa. Nikamsomea mama. Akauliza kama binti mwenyewe amejibu, nikamwambia bado. Akasema si neno, lakini safari ijayo tutachukua boksi la tende, lililofungwa, "hivyo hivyo wanavyotaka wao."