Jimmie Rodgers: Mshika breki wa reli aliyegeuka ‘Chemirocha’ Kericho

JINA Chemirocha likitamkwa mbele ya mgeni, huenda akadhani ni la msichana wa Kikipsigis, kwa vile linaanza sawa na Chemutai au Chelangat. Kumbe asili yake ni mwanamume wa Kimarekani, Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri.

Rodgers hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kenya. Alifariki dunia mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Hata hivyo, miaka 17 baadaye wasichana wa Kapkatet, katika ukanda wa majani chai wa Kericho na Bomet, walikuwa wakiliimba jina lake kwa lugha yao, huku ala ya nyuzi iitwayo chepkong ikiwasindikiza.

Historia ya msanii huyo ni ya kijana maskini aliyepanda ngazi kwa haraka huku maradhi yakimwandama. Vilevile, inazua swali ambalo bado linawahusu wasanii wa Bonde la Ufa: sauti ya mtu ikishasafiri mbali, ni nani anayebaki nayo?

Utotoni kando ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897. Mji unaotajwa kuwa kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, ingawa baadhi ya wanahistoria hutaja Geiger, katika jimbo jirani la Alabama. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mama yake alifariki Jimmie akiwa angali mtoto mdogo, na kuanzia hapo akawa anahamishwa kutoka kwa jamaa mmoja hadi mwingine.

Kipaji chake kilijitokeza mapema. Akiwa na umri wa takriban miaka 13, alishinda shindano la uimbaji mjini Meridian, kisha akatoroka nyumbani na kufuatana na kundi la wauza dawa waliozunguka mijini wakiwavuta wateja kwa nyimbo na vichekesho. Baba yake alimrejesha nyumbani na kumtafutia kazi kwenye reli.

Huko ndiko alikopata elimu yake ya muziki. Vibarua Weusi waliotengeneza njia za reli walikuwa na nyimbo za kupigia kazi, na jioni walipumzika kwa gitaa na banjo. Kijana huyo alizinasa sauti zao za bluzi na kuzichanganya na nyimbo za Wazungu maskini wa milimani. Baadaye alipandishwa na kuwa mshika breki, kazi ya hatari iliyomtaka kuhakikisha mabehewa yanasimama inavyopasa.

Mnamo mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, na wakajaliwa mabinti wawili. Mdogo kati yao alifariki akiwa na umri wa miezi michache tu, mwaka 1923. Mwaka uliofuata, Rodgers mwenyewe aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya; streptomycin, dawa ya kwanza iliyofaulu, iligunduliwa mwaka 1943. Kazi nzito za reli zikawa zinamshinda, na njia aliyobaki nayo ya kuilisha familia yake ikawa sauti na gitaa.

Nyota yang'ara

Mwaka 1927 alihamia Asheville, North Carolina, ambako alipata nafasi ya kuimba katika kituo cha redio akiwa na kundi la vijana wapiga vyombo. Majira hayo hayo, Ralph Peer, aliyekuwa akitafuta waimbaji kwa niaba ya kampuni ya santuri ya Victor, alipiga kambi na mitambo yake mjini Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia.

Rodgers na wenzake walifunga safari kwenda kujaribu bahati. Hata hivyo, kabla ya kurekodi waliteta kuhusu jina ambalo lingeandikwa kwenye santuri, na kundi likavunjika. Agosti 4, 1927, Rodgers alisimama peke yake mbele ya kipaza sauti, akaimba nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Siku chache kabla yake, Peer alikuwa amerekodi familia ya Carter, kundi jingine lililokuja kuvuma. Ndiyo sababu wanahistoria huuhesabu mji wa Bristol kuwa mahali ambapo biashara ya muziki wa kantri ilishika mizizi.

Santuri hiyo ya kwanza haikutikisa soko. Rodgers hakungoja kuitwa tena. Alienda mwenyewe New York, akamtafuta Peer na kumshawishi ampe nafasi nyingine. Novemba 30, 1927, mjini Camden, New Jersey, alirekodi wimbo uliokuja kujulikana kama ‘Blue Yodel’.

Wimbo huo ndio uliobadilisha maisha yake. Ulichanganya bluzi ya Watu Weusi na yodeli, yaani mtindo wa kuiruhusu sauti ya kifuani ipasuke ghafla na kupanda juu sana, kisha kuirejesha chini. Inakadiriwa kwamba mauzo yake yalikaribia nakala milioni moja. Katika muda usiofika miaka miwili, aliyekuwa mshika breki mgonjwa asiye na ajira akawa miongoni mwa waimbaji waliouza santuri nyingi zaidi Marekani.

Mwaka 1929 alionekana katika filamu fupi akiwa amevalia sare za reli, na mwaka huo huo akajenga jumba la kifahari mjini Kerrville, Texas, ambako hali ya hewa kavu ilidhaniwa kuwafaa wagonjwa wa kifua. Julai 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, huku mke wa Armstrong, Lil Hardin, akipiga piano. Mzungu kurekodi bega kwa bega na wasanii Weusi halikuwa jambo la kawaida katika Marekani ya ubaguzi.

Maradhi nayo hayakumpa nafasi. Mwaka 1931 alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chake mwenyewe. Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi nyimbo 12 za mwisho, akilazimika kujinyoosha kitandani kati ya wimbo mmoja na mwingine ili apate pumzi. Siku mbili baada ya kumaliza, Mei 26, alifariki dunia katika hoteli jijini humo. Kwa takriban miaka sita tu ya kazi, aliacha nyimbo zaidi ya 100.

Sauti yavuka bahari

Huku Rodgers akipanda chati Marekani, nchi ya Wakipsigis nayo ilikuwa ikibadilika. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901 ikipitia Lumbwa, mji ambao leo unaitwa Kipkelion. Katika miaka ya 1920, makampuni makubwa ya Uingereza yalianza kupanda majani chai Kericho kwa ajili ya biashara. Ardhi iliyolishia mifugo ikageuka mashamba, na wenyeji wengi wakawa vibarua wa mshahara.

Walowezi na wamishonari walikuja na gramafoni zao. Miongoni mwa santuri zilizochezwa zilikuwamo za Rodgers. Kwa msikilizaji asiyejua Kiingereza, maneno hayakuwa na maana yoyote. Kilichobaki masikioni kilikuwa gitaa, ile sauti iliyopasuka na kuruka, pamoja na jina la mwimbaji, ambalo kwa ulimi wa Kikipsigis liligeuka Chemirocha.

Mnamo mwaka 1950, Hugh Tracey alifika katika eneo hilo, lililokuwa Wilaya ya Kericho. Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alikuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa asili kwa hofu kwamba ungepotea. Huko Kapkatet alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo moja la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, na ndiyo iliyopata umaarufu ulimwenguni.

Wimbo huo haufiki hata dakika mbili. Chepkong inarudia mdundo mmoja mfululizo, na sauti changa za wasichana zinapokezana juu yake. Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba wasichana hao walimchukulia Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, na kwamba walimhimiza acheze na kurukaruka hadi nguo zimdondoke.

Maelezo hayo ni ya mgeni, na msomaji hana budi kuyapokea kwa tahadhari. Wasichana wa umri huo hupenda mzaha, na huenda kicheko kilikuwa sehemu ya wimbo wenyewe. Hata hivyo, wazo la kiumbe wa namna hiyo halishangazi. Santuri ilileta sauti bila mwili, na yodeli husikika kama ya mtu kwa kitambo kidogo, kisha kama ya mnyama. Wasichana hao waliipa sauti hiyo umbo lake kwa kutumia wanyama na ngoma walizozijua.

Kurudi nyumbani

Rekodi hiyo iliondoka Kapkatet pamoja na mitambo ya Tracey. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo baadaye ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Kutoka huko, wimbo wa Chemutoi Ketienya na wenzake uliwafikia wasomi na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, wakiwamo waliomjua vyema Rodgers na kushangaa kumkuta Kericho.

Waliouimba hawakuwa na nakala. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, kuzirejesha rekodi za Tracey kwa jamii zilizoziimba. Katikati ya miaka ya 2010, ujumbe huo ulifika Kapkatet, na wazee wakasikiliza sauti za ujana wao na za ndugu zao waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

Tofauti kati ya pande hizo mbili ni kubwa. Mwaka 1927, mgonjwa aliyekuwa hana kitu aliimba mbele ya mashine, na jina lake likaandikwa kwenye kila santuri. Mirabaha ilimjengea nyumba, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, Nashville. Mwaka 1950, wasichana waliimba mbele ya mashine ya aina hiyo hiyo, na wengi wao wakabaki wakiitwa “wasichana wa Kikipsigis” tu. Kipaji sicho kilichowatenganisha. Rodgers alikuwa na kampuni, mkataba na soko; wao hawakuwa na lolote kati ya hayo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Jean Bosco Mwenda wa Kongo, ambaye Tracey alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Kwa kuwa jina lake lilitoka pamoja na wimbo wake ‘Masanga’, aliweza kujenga kazi ya muziki iliyomfikisha hadi Nairobi na ng'ambo.

Kenya imejaribu kuziba pengo hilo kwa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi na mwimbaji mmoja mmoja. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitambua jamii kuwa wamiliki wa nyimbo na ngoma zao, na kuzipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili ya urithi huo.

Kwa kaunti za Kericho na Bomet, kazi hiyo inahitaji watu zaidi ya karatasi. Wanaokumbuka nyimbo za kabla ya Uhuru wanazidi kupungua kila mwaka, na mpigaji stadi wa chepkong si rahisi kumpata kama mpigaji wa kinanda cha umeme. Msanii chipukizi anayerekodi leo kwa simu na kuutuma wimbo wake kwenye intaneti anaweza kuandika jina lake, la mtunzi na la kila mwenzake kabla wimbo haujatoka. Chemutoi Ketienya alipata bahati ya jina lake kuandikwa. Wenzake walioitikia wimbo siku ile hawakuipata.