Makorongo ya Kondoa

Msafiri apitaye vilima vya Irangi, katika wilaya ya Kondoa, huona ardhi nyekundu iliyopasuliwa na makorongo, na mengine kina chake chazidi kimo cha nyumba. Aliyeyachimba ni mvua. Tone likianguka penye udongo usio na majani huutifua. Matone hukutana yakawa kijito, kijito kikachimba mfereji, na mfereji ukapanuka kila masika hata ukawa korongo. Udongo mwororo huchukuliwa mbali, na mchanga huachwa bondeni, ukafunika mashamba ya watu.

Wengi walisema, mharibifu ni ng'ombe. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Halikuwa jambo dogo, maana aliyeondolewa ng'ombe ameondolewa maziwa, samadi na mahari pia. Kweli majani yaliota tena, na baadaye ng'ombe wakaruhusiwa kurudi, ila wafungwe zizini na kuletewa majani.

Lakini wataalamu waliopima umri wa udongo ulioporomoka zamani walikuta tabaka zenye miaka zaidi ya 11,000, kabla ng'ombe hajafika nchi ile. Tabaka nyingine ni za karne chache zilizopita, watu walipokwisha kufyeka misitu kwa kilimo. Basi ng'ombe ana hatia, ila alishitakiwa peke yake, na shoka na jembe havikuitwa barazani.