Bundi, ngedere na wakubwa wa reli

Tarehe 30 Julai 2024, siku mbili kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni hiyo ilizimika njiani mkoani Morogoro. Abiria wakakaa saa kama mbili wakitazama vichaka. Shirika la Reli Tanzania, TRC, likatoa taarifa yake: hitilafu ya umeme imeletwa na wanyama, ngedere na bundi.

Watu walicheka. Bundi kwetu hana sifa nzuri tangu zamani. Akilia juu ya paa, mwenye nyumba huanza kuhesabu wagonjwa wake. Sasa alikuwa amepewa kazi mpya, ya kubeba lawama za shirika la umma.

Haki itendeke kwa TRC: mnyama anaweza kuzima umeme. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru nchini Kenya na nchi nzima ikaingia gizani. Waya wa reli yetu mpya una volti 25,000, na kiumbe chochote kinachogusa waya na nguzo kwa pamoja hukata mkondo. Taarifa ile haikuwa lazima iwe ya uongo. Iliyokera ni kwamba iliishia kwa bundi. Nani alipaswa kuweka kinga juu ya nguzo ile? Nani aliikagua njia kabla haijaruhusiwa kubeba watu? Maswali hayo wananchi waliyauliza mitaani kwa hasira, na si mageni. Reli yetu imeyakwepa kwa muda mrefu.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita iliyowaondoa. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Ikaja reli ya pamoja ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikachukua fungu lake. Fungu letu likaitwa TRC.

Mzee mmoja mstaafu, aliyeanza kazi katika genge la njia na kumalizia akiwa msimamizi, haanzi historia ya reli kwa Wajerumani wala kwa Jumuiya. Anaanza kwa nyundo. Wakati wake, anasimulia, kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia, na kulipopambazuka mtu mmoja alitangulia kwa miguu na nyundo na spana, akigonga, akisikiliza, akikaza nati. Taruma lililooza liliandikwa. Kokoto zilizoporomoka zilirudishwa. Mtu yule hakuwa na cheo cha kutajwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye daftari, na treni ikianguka kwenye kipande chake daftari lilifunguliwa. Kwa maoni ya mzee huyu, reli ilianza kufa siku magenge yalipopunguzwa ili kubana matumizi, huku ofisi za makao makuu zikibaki na watu walewale.

Mtu anaweza kudhani hayo ni maneno ya mzee anayeikumbuka ajira yake. Lakini ipo tarehe inayomuunga mkono katika jambo moja, kwamba matengenezo ni uhai wa watu. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilishindwa breki ikipanda mlima eneo la Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma kwa kasi, ikashuka mlima bila mtu wa kuizuia, ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa inaifuata. Watu 281 walikufa. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za treni kuwahi kutokea Afrika.

Taifa lililia na viongozi walifika. Wakati huo, hata hivyo, serikali ilikuwa imeshaamua dawa ya reli kwa ujumla wake: ubinafsishaji. Shirika lilikuwa halina fedha, vichwa vya treni vilikuwa vimechoka, na sehemu za njia bado zilibeba reli nyepesi za ratili 56 kwa yadi, urithi wa enzi za mkoloni. Ilionekana ni afadhali kumtafuta mwenye mtaji. Hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi ambao wana reli wa Tabora, Dodoma na Morogoro wanausimulia hadi leo.

Septemba 2007 serikali ilitia saini mkataba wa miaka 25 na RITES, kampuni ya umma iliyo chini ya Wizara ya Reli ya India. Ikaundwa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL: India asilimia 51, Tanzania asilimia 49. Umiliki wa njia ukabaki kwa kampuni nyingine ya serikali, RAHCO. Oktoba mosi kazi ikaanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni alikuja na vichwa vya treni. Vilikuwa 25, vya kukodisha, na havikuwa vipya. India yenyewe tangu mwaka 1992 ilikuwa katika mpango wa kuzibadili njia zake za upana wa mita moja kuwa njia pana, kwa hiyo vichwa na mabehewa ya upana huo vilikuwa vinakosa kazi huko. Huku kwetu reli ni ya mita moja. Kiufundi vilifaa. Ila TRL ililazimika kulipa kodi ya vifaa hivyo, na aliyelipwa ni yuleyule mwenye hisa nyingi katika TRL. Wafanyakazi hawakuhitaji mhasibu kuwafafanulia. Mtu amekukodishia nyumba kisha akahamia humo kama mume, na kodi anaendelea kudai.

Mishahara ndiyo iliyowasha moto. Kuanzia mwaka 2008 migomo ilifuatana. Abiria walilala stesheni na watoto na mizigo yao, na serikali, ambayo ilikuwa imejitoa ili isiwe na mzigo wa reli, ikajikuta inatoa fedha kulipa mishahara ya kampuni inayoongozwa na mwekezaji. Wafanyakazi wakasema hadharani kwamba wanataka Wahindi waondoke. Mwekezaji naye akalalamikia hali ya mali aliyokabidhiwa. Wabunge wakauliza kwa nini mkataba mkubwa namna hiyo ulikwenda kwa mtu asiyeleta mtaji wa kueleweka. Kila upande ulikuwa na barua zake na hoja zake, na kila upande ulipoulizwa kuhusu njia mbovu ulinyoosha kidole kwingine. TRL iliendesha, RAHCO ilimiliki, wizara ilisimamia. Njia yenyewe haikuwa na mtu.

Mvua ikaja kukata shauri. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukapasua tuta la kuzuia maji lililojengwa enzi za ukoloni na kuzoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Njia kuu ya kwenda bara ikakatika kwa miezi. Wa Kigoma walirudi kwenye mabasi, na wafanyabiashara wa mizigo wakahamia kwenye malori, wengi wao moja kwa moja.

Mwaka 2010 serikali iliamua kuachana na RITES. Mazungumzo ya kuachana yakaburuta hadi mwaka 2011, ndipo hisa zile asilimia 51 ziliponunuliwa na kurudi nyumbani. Ndoa ya miaka 25 ilidumu miaka isiyotimia minne. Reli iliyokuwa ikibeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishuka chini ya tani 300,000 kufikia mwaka 2012.

Hapo mzee wangu wa genge hunyamaza kidogo, kisha huuliza: aliyesaini yuko wapi? Swali lake si la kisasi. Nchi hii inajua kuwajibika. Ali Hassan Mwinyi aliuacha uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya vifo vya mahabusu Shinyanga ambavyo hakuvitenda kwa mkono wake, na baadaye akawa Rais. Februari 2008, wakati migogoro ya TRL ikianza kuchemka, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la umeme wa dharura la Richmond. Mkataba wa reli, uliotiwa saini miezi mitano tu kabla ya hapo, haukumgusa mkubwa yeyote namna hiyo. Ulikufa kimya kimya, kwa lugha ya hisa na mazungumzo.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2011, mwaka uleule hisa za TRL ziliporudi nyumbani, treni za mjini Singapore ziliharibika mara mbili ndani ya siku tatu, Desemba 15 na 17. Watu zaidi ya 200,000 walikwama kwa jumla. Katika treni moja abiria alivunja dirisha kwa mtungi wa kuzimia moto ili watu wapate hewa. Hakufa mtu. Hata hivyo hasira ilikuwa kubwa, hasa kwa kuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya SMRT, Saw Phaik Hwa, alitokea kwenye biashara ya maduka na watu waliona kituo cha treni kimegeuzwa kuwa soko huku njia ikisahauliwa. Alijiuzulu Januari 2012. Tume ikachunguza hadharani na kukuta kasoro za matengenezo, na kampuni ikatozwa faini ya dola za Singapore milioni 2. Treni za Singapore ziliharibika tena miaka iliyofuata, kwa hiyo kujiuzulu kwa mtu mmoja si uchawi. Lakini abiria walijua nani aliulizwa, aliulizwa nini, na alijibu nini.

Kwetu uwajibikaji wa reli ulikuja baadaye na kwa sura nyingine. Mwaka 2015 Waziri wa Uchukuzi Samuel Sitta aliwasimamisha kazi vigogo wa TRL kwa sakata la mabehewa ya mizigo yaliyodaiwa kuwa chini ya kiwango. Desemba mwaka huo Rais John Magufuli aliivunja bodi ya RAHCO na kumwondoa mkurugenzi wake kwa tuhuma katika zabuni ya reli mpya. Watu walishangilia. Ukitazama vizuri, yote mawili ni mambo ya kununua. Kwa kununua vibaya mkubwa anaweza kuondoka. Kwa kutokutunza, kwa nati isiyokazwa na taruma lililoachwa lioze, tumezoea kumtafuta dereva, mvua, au ndege wa usiku.

Yaliyofuata yanajulikana. Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa mwaka 2017. Sheria ya mwaka huo ikaunganisha TRL na RAHCO, na jina la TRC likarudi. Safari za umeme za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. Ni kazi ya kujivunia. Aliyewahi kulala njiani siku mbili kati ya Dar es Salaam na Tabora hahitaji kushawishiwa.

Lakini reli mpya haina tofauti na ya zamani katika jambo moja: siku ya kwanza zote mbili zilikuwa nzuri. Ile ya mita moja iliharibiwa na miaka ya asubuhi ambazo hakuna aliyepita na nyundo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini hakupita. Reli ya umeme ina nyundo nyingi zaidi za kugongwa: nyaya, vituo vya kupozea umeme, mitambo ya ishara, programu za kompyuta. Muungano wa mwaka 2017 umetuondolea kisingizio kimoja, maana sasa mwenye njia na mwenye treni ni mtu mmoja.

Kwa hiyo wabunge, bajeti ya Wizara ya Uchukuzi itakaposomwa tena, msiishie kwenye kilomita zilizojengwa na vichwa vilivyonunuliwa. Ombeni mambo matatu yawekwe mezani: fedha za matengenezo zilizoombwa, fedha zilizotolewa, na cheo cha mtu anayesaini kwamba njia imekaguliwa. Na treni ikizimika, ripoti ya uchunguzi itolewe kwa wananchi ikiwa na saini hiyo. Hata kama aliyekata umeme ni bundi.